Hiram Percy Maxim: Mwana Aliyetaka Bunduki Inyamaze

Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema wahenga wetu. Lakini yuko mtu mmoja wa Marekani ambaye baba yake aliipa dunia bunduki yenye kishindo kikubwa, naye mwana akatumia akili ile ile ya kurithi kuitafutia bunduki kimya.

Jina la Maxim si geni katika pwani yetu. Baba mtu, Hiram Stevens Maxim, ndiye aliyeunda mjini London, mwaka 1884, bunduki ya rashasha iliyojipakia yenyewe na kutoa risasi 600 kwa dakika. Silaha ya jamii ile ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Stanley alikuwa nayo katika safari yake ya mwaka 1887, alipochukua wapagazi Unguja. Na Waingereza walipoipiga kasri ya Unguja Agosti 27, 1896, vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, bunduki za Maxim zilikuwako. Mzee huyo alipata mali na cheo cha heshima kwa Mwingereza, lakini milio ya silaha zake ilimwachia uziwi. Alifariki mwaka 1916.

Mwanawe, Hiram Percy, alizaliwa Brooklyn, New York, Septemba 2, 1869. Hakulelewa sana na baba. Mnamo mwaka 1881 mzee alivuka bahari kwenda Ulaya kwa shughuli zake, na hakurudi tena kuishi na watu wa nyumbani kwake. Kijana akakua na mama yake na kushika masomo. Mwaka 1886, akiwa na miaka 16 tu, alihitimu ufundi katika chuo mashuhuri cha Massachusetts. Akafanya kazi katika kiwanda cha makombora huko Lynn, na usiku akijaribu kuunda mtambo wa petroli wa kuendesha gari lisilovutwa na farasi. Mwaka 1895 akaajiriwa Hartford, Connecticut, katika kiwanda cha baiskeli kilichoanza kuunda motokaa.

Mwenye kushughulika na mitambo ya petroli hujua adha ya kelele. Twaambiwa kwamba fikira ya kuituliza ilimjia alipokuwa akitazama maji yakitoka katika birika la kuogea, yakizunguka kwenye tundu kabla ya kuteremka. Akajiuliza kama moshi wa baruti nao hauwezi kuzungushwa hivyo. Maana mlio wa bunduki kwa sehemu kubwa ni hewa ya moto inayotoka kwa ghafula kwenye mdomo wa mtutu. Akaunda kopo refu lenye vyumba ndani, la kufungwa mbele ya mtutu, ili hewa ile izunguke, ipoe, itoke polepole. Machi 30, 1909, serikali ya Marekani ilimpa hati ya uvumbuzi. Hiyo ndiyo sailensa ya bunduki, ndugu wa ile sailensa iliyo chini ya gari lako.

Hapa yafaa tuondoe uongo wa sinema. Sailensa haiifanyi bunduki kuwa bubu. Huupunguza mlio kiasi cha kulinda masikio, lakini risasi inayokwenda kasi kuliko sauti bado hupiga ukelele wake hewani. Maxim aliiuza kwa watu wapendao shabaha wasiotaka kusumbua majirani. Ilinunuliwa kwa dola chache tu, hata kwa posta, na hapakuwa na hati ya kutia sahihi. Miongoni mwa walioimiliki alikuwa Theodore Roosevelt, yule rais wa zamani aliyeteremka Mombasa Aprili 1909 akija kuwinda.

Ajabu ni kwamba mtu huyu wa kimya ndiye pia aliyewaunganisha watu kwa sauti. Alikuwa mpenzi wa simu ya upepo. Mwaka 1914, aliposhindwa kufikisha ujumbe kutoka Hartford hadi mji wa Springfield, alimwomba mwenye mtambo aliye katikati ya njia aupokee na kuusukuma mbele. Kutokana na jambo dogo hilo akaanzisha, pamoja na kijana Clarence Tuska, chama cha wapenzi wa redio wa Marekani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi la majini lilipotaka kuyamiliki mawimbi yote, Maxim alisimama mbele ya wabunge kuwatetea wanachama wake, na mwaka 1919 wakaruhusiwa kurudi hewani. Mwaka 1925 akawa rais wa kwanza wa umoja wao wa dunia, ulioundwa Paris.

Lakini sailensa yake haikupata jeshi kama hilo la kuitetea. Mwaka 1934, Marekani ikiwa imechoshwa na majambazi wenye bunduki za rashasha, ilipitishwa sheria kali ya silaha, na sailensa ikatiwa ndani yake. Chombo cha dola chache kikawekewa kodi ya dola 200, ambazo kwa thamani ya leo ni zaidi ya dola 4,000. Miaka miwili baadaye, Februari 17, 1936, Maxim alipatwa na maradhi akiwa safarini, akafariki La Junta, Colorado. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Sheria imebaki. Mmarekani anayenunua sailensa yake ya kwanza hana budi kwanza kujua kama jimbo lake laruhusu. Majimbo 42 huruhusu, 8 hukataza. Huichagua kwa mfanyabiashara mwenye leseni, akalipa, lakini haondoki nayo. Hujaza Fomu Nambari 4, akaambatisha picha na alama za vidole, na nakala humfikia mkuu wa polisi wa mahali pake. Serikali huchunguza mwenendo wake, na muda wote huo sailensa hukaa dukani. Zamani alingoja miezi, hata mwaka. Siku hizi, kwa maombi ya kompyuta, mara nyingi ni siku chache au majuma. Kibali kikitoka, chombo ni chake peke yake. Hawezi kumpa rafiki bila ya hati mpya, na akifa warithi wake nao wana fomu yao. Anayekutwa na sailensa isiyoandikishwa aweza kufungwa miaka 10. Zile dola 200 hazikubadilika mpaka sheria ya Julai 4, 2025, iliyoishusha kodi hadi sifuri kuanzia Januari 1, 2026. Hati na alama za vidole hazikufutwa.

Basi tumhukumu vipi? Fundi huunda kwa nia yake, na mnunuzi hutumia kwa nia yake, na moja haiijui nyingine. Kopo linalolinda masikio ya mpiga shabaha laweza pia kumficha muuaji. Kwa kuwa nia haipimwi kwenye mizani, serikali imeweka karatasi kati ya duka na mkono. Maxim mwana alitaka majirani wapate usingizi, na wala hapana sababu ya kuishuku nia hiyo. Ila jina alilolirithi lilikwisha kuamsha dunia nzima.