Al-Kindi: Mwanachuoni aliyeandika elimu ya manukato

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.

Ndugu zetu wa Singe, Babati, kila Ijumaa misikiti yetu hunukia udi, miski na kolonya. Wengi wamejionea kwamba kolonya ya asubuhi haisikiki tena ifikapo Alasiri, ilhali tone la mafuta ya udi hubaki kwenye kanzu hadi kesho yake. Mmoja wa wanachuoni walioishughulikia elimu hii ni Abu Yusuf Ya'qub bin Is-haq al-Kindi, Allaah amrehemu.

Alizaliwa Kufa, Iraq, takriban mwaka 801 Miladia, katika kabila la Kinda, na baba yake alikuwa liwali wa mji huo. Alisoma Baghdad na kufanya kazi zama za Khalifa al-Ma'mun. Khalifa al-Mu'tasim akamkabidhi mwanawe, Ahmad, amsomeshe. Aliandika juu ya falsafa, hisabu, tiba, muziki na ufumbuzi wa maandishi ya siri, akaitwa Mwanafalsafa wa Waarabu.

Miongoni mwa vitabu vinavyonasibishwa naye kimo kimoja cha kemia ya manukato, chenye maelekezo zaidi ya 100 ya kutengeneza mafuta mazuri na maji ya kunukia. Miski na ambari zina nafasi kubwa humo. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi na hutupwa ufukweni na mawimbi. Karne iliyofuata, al-Mas'udi, msafiri aliyefika pwani yetu, aliandika kuwa ambari bora ilitoka bahari ya Zanj.

Thamani ya ambari ni kudumu kwake. Harufu ni chembe ndogo zinazoruka hewani. Zile nyepesi, kama za ndimu, huruka upesi, husambaa chumba kizima, kisha huisha. Za udi, sandali na ambari ni nzito, huruka polepole, na huzishikilia zile nyepesi zisikimbie. Spiriti ya kolonya hukauka haraka, ilhali mafuta huichelewesha harufu. Joto huiharakisha, na nguo huihifadhi kuliko ngozi kavu.

Kitabu hicho kinaeleza pia namna ya kutengeneza mfano wa miski na ambari. Kutengeneza mfano si kosa, lakini kumuuzia mtu mfano kwa jina na bei ya asili ni ghishi, na ghishi ni haramu. Muuzaji abainishe.

Zama za Khalifa al-Mutawakkil, al-Kindi alifikwa na mtihani. Kwa fitina za mahasidi alipigwa na maktaba yake ikachukuliwa, ingawa baadaye alirudishiwa. Alifariki Baghdad takriban mwaka 873. Vitabu vyake vingi vimepotea, lakini elimu yake bado inanufaisha.

Ama kolonya yenye spiriti, wanachuoni wametofautiana: wako wanaoiona najisi na wako wanaoiona tohara. Anayetaka kutoka katika khilafu atumie mafuta yasiyo na spiriti. Kujitia manukato Ijumaa ni Sunnah kwa wanaume, lakini tukumbuke kuwa katika safu yumo mwenye pumu. Mafuta mazito yanatosha tone moja. Kuzidisha ni kumuudhi ndugu yako katika swala.

Allaah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamiyn.