Vittorio Sella, Mtaliano aliyetoa picha za Ruwenzori kwa mikono yake mwenyewe

Mkaaji wa Mutwanga au wa Beni anajua vile Ruwenzori inajificha. Asubuhi mapema, kama mvua ilinyesha usiku na hewa imesafika, theluji inaonekana kule juu kwa dakika chache. Kisha mawingu yanafunga, na mlima unapotea mpaka kesho, pengine mpaka juma lijalo. Mwaka wa 1906 mwanaume mmoja kutoka kaskazini ya Italia alipanda kule na vioo, dawa na kamera ya miguu mitatu, akazingojea hizo dakika chache. Jina lake Vittorio Sella. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na picha zake bado zinatumika kila mara mtu anapotaka kujua barafu ya Ruwenzori ilikuwa na ukubwa gani zamani.

Wanaomsimulia Sella wanapenda kusema juu ya kamba, shoka za barafu na vilele. Ni kweli, alikuwa mpandaji wa nguvu. Lakini nusu ya kazi yake haikufanyika mlimani. Ilifanyika nyumbani, katika muji wa Biella, ndani ya chumba cha giza, mikono ndani ya maji na dawa. Sella hakuwa mtu wa kupiga picha kisha kumpa fundi mwingine aitoe kwenye karatasi. Alitoa picha zake katika labo yake mwenyewe, na bila hiyo kazi ya nyumbani, majina ya milima aliyoipanda yasingemfikisha mbali.

Alizaliwa Biella tarehe 28 mwezi wa nane mwaka wa 1859. Jamaa yake ilikuwa na kiwanda cha kufuma nguo za manyoya ya kondoo, kwa hiyo feza haikukosekana, na hilo lisemwe wazi: vioo, dawa na safari za mbali si mambo ya maskini. Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alijua kemia juu ya kazi ya rangi za nguo, na ile kemia ikamwingiza katika upigaji picha. Mwaka wa 1856 alitoa kitabu chenye kuitwa Plico del fotografo, kati ya vitabu vya kwanza vikubwa vya Italia vyenye kufundisha hiyo kazi tangu mwanzo hadi mwisho. Baba mdogo wa Vittorio, Quintino Sella, waziri wa feza wa Italia, njo aliyeanzisha chama cha wapandaji milima wa nchi yao, mwaka wa 1863. Mtoto aliyekomaa kati ya hao wawili, mmoja wa dawa za picha na mwengine wa milima, haishangazi alichokuja kuwa.

Baba alikufa mwaka wa 1876. Vittorio hakuwa bado na miaka 18. Kitabu kilibaki.

Wakati ule kupiga picha mlimani kulikuwa mateso. Ilibidi kupaka kioo dawa yenye kunata, kukiingiza kwenye kamera kingali na unyevu, kupiga picha, halafu kukisafisha palepale kabla dawa haijakauka. Yote hayo kwa dakika chache, ndani ya hema ya giza, juu ya kilele chenye upepo. Kijana Sella, alipokuwa karibu na miaka 20, alianzia hapo, akipanda milima ya karibu na Biella na mizigo ya chupa. Baadaye kukaja vioo vikavu, vilivyopakwa dawa tayari kiwandani. Hivyo mtu aliweza kupiga picha leo, kufunga kioo vizuri, na kukisafisha nyumbani kisha majuma mengi. Wapigaji picha wengi walifurahi kwa kuwa mzigo umepungua. Sella yeye akauongeza: alichukua kamera ya vioo vya sentimeta 30 kwa 40, ambapo kioo kimoja kina uzito wa karibu kilo moja. Akabuni mwenyewe mifuko na matandiko ya kubebea, ili vioo visipasuke njiani.

Kwa nini kioo kikubwa vile? Jibu liko katika chumba cha giza. Siku hizo picha nzuri ilitolewa kwa kulaza kioo moja kwa moja juu ya karatasi yenye dawa, kisha kuweka vyote kwenye mwangaza. Ukubwa wa kioo njo ukubwa wa picha. Hakuna kitu kinachopotea katikati: ufa wa jiwe, mstari wa upepo juu ya theluji, alama za miguu, vyote vinashuka kwenye karatasi sawasawa. Sella alipochagua kioo kizito, alikuwa tayari anafikiri karatasi atakayoitoa nyumbani.

Na huko nyumbani kazi ilikuwa ya kuamua. Picha ya theluji ni ngumu, kila mpigaji picha anajua. Theluji ni nyeupe kupita kiasi, jiwe la pembeni ni jeusi, na vioo vya wakati ule viliona anga la bluu kama jeupe tupu. Ukiacha karatasi kwenye mwangaza muda mfupi, jiwe linaonekana vizuri lakini theluji inakuwa kama shuka isiyo na alama. Ukiiacha muda mrefu, theluji inapata mikunjo yake, lakini jiwe linazama kuwa kama makaa. Kati ya hizo mbili kuna fasi nyembamba, na anayeijua ni yule tu aliyesimama pale, aliyeona mwangaza ulikuwa wa saa gani na kivuli kilikuwa cha rangi gani. Fundi wa muji hakuwa kule juu. Angetoa picha safi, bila kosa, na isingefanana na ule mlima.

Kisha mwangaza, kulikuja dawa ya kubadilisha rangi, ile ya kukaza picha isififie, halafu maji. Kuosha kulikuwa kazi ya kuchosha: karatasi isipooshwa vizuri, dawa inabaki ndani, na kisha miaka picha inageuka manjano na kufifia. Picha nyingi za wakati ule zimeisha vile. Zile za Sella, nyingi zingali nzima.

Tena kulikuwa na picha za upana. Sella alipenda kusimama juu ya kilele na kupiga picha moja pembeni ya nyingine, kioo kwa kioo, akizungusha kamera kidogo kidogo. Nyumbani alizitoa kila moja kivyake na kuziunganisha ziwe picha moja ndefu. Lakini jua linatembea na wingu linapita, kwa hiyo vioo vitano vya kilele kimoja havina mwangaza mmoja. Ilibidi karatasi tano zilinganishwe mpaka anga la kwanza lifanane na la mwisho. Anayetoa vibaya anaonyesha mistari ya viungo kama nguo yenye viraka. Mtu wa kuharibu karatasi kumi ili apate moja ni yule mwenye picha mwenyewe, si fundi wa kulipwa kwa hesabu ya karatasi.

Hiyo kazi ilimfunza pia kupiga. Kila aliporudi na kuona kosa kwenye karatasi, alijua safari inayofuata abadilishe nini. Na safari zilikuwa nyingi. Mwezi wa tatu mwaka wa 1882 alivuka mlima Cervino wakati wa baridi kali, jambo ambalo hakuna aliyelifanya mbele yake. Alikwenda Kaukazi mara tatu, mwaka wa 1889, 1890 na 1896. Mwaka wa 1897 alifuatana na Luigi Amedeo, mwana wa ufalme wa Italia mwenye kuitwa Duc des Abruzzes, hadi kilele cha Saint Elias kule Alaska. Mwaka wa 1899 alizunguka Kangchenjunga pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Mwaka wa 1909 alifika K2. Katikati ya hizo mbili za mwisho njo kuna ile inayotuhusu.

Ruwenzori ilikuwa imewashinda wengi. Henry Stanley aliona theluji yake mwaka wa 1888. Mwaka wa 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann alipandia upande wetu, kwa bonde la Butahu, akafika karibu mita 4000 na kurudi. Wengine wakafuata kwa upande wa Uganda. Hakuna aliyejua vilele ni vingapi, wala kipi ni kirefu zaidi, juu ya mawingu yasiyofunguka. Mwaka wa 1906 yule Duc akaja na kikosi: wenye elimu, viongozi wa mlima kutoka Alpi, na Sella pamoja na msaidizi wake Erminio Botta. Walishuka Mombasa, wakapanda treni mpaka ziwani, wakavuka hadi Entebbe, kisha miguu hadi Fort Portal na kuingia bonde la Mobuku. Wabeba mizigo wa Buganda walipofika fasi za baridi, kazi ikachukuliwa na Wakonzo, wenye mlima wao. Vioo vya Sella vilipanda juu ya migongo yao, kwenye matope na mizizi, mpaka Bujongolo, chini ya jiwe kubwa, karibu mita 3800. Majina ya wazungu wa ile safari yameandikwa na yanajulikana moja moja. Ya hao Wakonzo yangetafutwa bure katika ramani.

Tarehe 18 mwezi wa sita Duc alisimama juu ya kilele cha Marguerite, mita 5109, kilele kirefu kuliko vyote vya Kongo. Vilele vikapewa majina ya malkia na ya wasafiri wa Ulaya. Wakati wengine wanapima, Sella anangojea. Unyevu wa Ruwenzori ni adui wa vioo: ile dawa inashika maji na kuvimba, na ukungu unaingia hata ndani ya lensi. Mawingu yalipofunguka alipiga: barafu zenye kuning’inia, mimea mirefu ya lobelia na seneso, misitu iliyovikwa ndevu za kuvu. Akavibeba vioo hadi Biella, na hapo akaanza tena upya, ndani ya giza, kuutafuta mlima aliouona.

Kitabu cha safari kilitoka mwaka wa 1908, kimeandikwa na Filippo De Filippi, na picha za Sella ndani. Lakini kulikuwa pia na zile karatasi zenyewe, ambazo aliuza au kutoa zawadi kwa vyama vya milima na vya jiografia. Chama kimoja cha Marekani, Sierra Club, kilipata kwake picha 31, na Ansel Adams akaziona. Adams, mzaliwa wa San Francisco mwaka wa 1902, alikuwa kijana wa piano aliyegeuka kuwa mpigaji picha za milima mwenye jina kuliko wote. Yeye alimheshimu Sella sana, na mwaka wa 1946 akaandika juu yake. Hawa wawili walifanana katika jambo moja: Adams naye alijitolea picha zake nyumbani. Alikuwa akilinganisha kioo au filimu na noti za muziki zilizoandikwa, na karatasi na muziki wenyewe unapopigwa. Picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, ya mwaka wa 1941, aliitoa mara nyingi kwa miaka mingi, na anga lake lilizidi kuwa jeusi kadiri alivyozeeka. Filimu moja, mkono mmoja, na bado picha inaendelea kutafutwa.

Leo mtu wa Goma anaweza kupiga picha mia moja za Nyiragongo kwa siku moja na simu, na hata moja isifike kwenye karatasi. Simu ikianguka ndani ya maji, au ikiibwa wakati watu wanakimbia, zote zimekwenda. Na anayezipeleka kwa mashine ya studio anapewa picha ambazo mashine imezisawazisha yenyewe: moshi wa volkano unakuwa mweupe kama wingu lolote, na anga la jioni linafanana na la saa sita. Wenye kuwa na mashine ndogo ya wino nyumbani wanajua vile karatasi ya kwanza karibu kila mara inatoka giza kuliko ilivyoonekana kwenye simu, na ya tatu au ya nne njo inaanza kusema kweli. Wino ni bei, ndiyo. Sella naye aliharibu karatasi.

Hakujua wakati ule kwamba alikuwa anapima. Mwaka wa 1906 barafu ya Ruwenzori ilifunika kilometa za mraba kati ya 6 na 8. Mwaka wa 2003 kulikuwa kumebaki karibu kilometa moja tu. Watafiti wanapanda na picha za Sella mkononi, wanatafuta jiwe alilosimamia, wanapiga tena kutoka palepale. Kwa kuwa alihangaika ili mikunjo ya theluji isipotee kwenye karatasi, mpaka wa barafu unaonekana wazi. Pale palipokuwa barafu nene, sasa ni jiwe tupu na maji.

Mwaka wa 1935, akiwa na miaka 76, alijaribu tena kupanda Cervino. Ajali ya mmoja wa viongozi wake ikawarudisha. Alikufa Biella tarehe 12 mwezi wa nane mwaka wa 1943, vita ikiendelea. Vioo vyake na karatasi zake vinalindwa Biella mpaka leo. Katika Ruwenzori, kusini ya mlima Baker, kuna kilele chenye mita 4627 kinachoitwa Sella, na siku nyingi za mwaka kinabaki ndani ya mawingu.