Makofi Si Mavuno: Maisha ya Kurt Lewin

Wako viongozi wengi wanaodhani kwamba wakiisha kusema, kazi imekwisha. Hupanda jukwaani, wakahutubu saa mbili, wakapigiwa makofi, kisha wakarudi nyumbani wakiamini kwamba watu wamegeuka. Twaona yafaa leo kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyelipima jambo hili kwa hesabu, akaonyesha kwamba makofi si mavuno. Jina lake ni Kurt Lewin.

Lewin alizaliwa tarehe 9 Septemba, 1890, katika mji mdogo wa Mogilno, ambao wakati ule ulikuwa chini ya Prussia na leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, wenye duka na shamba dogo. Mwaka 1905 jamaa yake ilihamia Berlin. Vita Kuu ya kwanza ilipozuka aliingia katika jeshi la Ujerumani, akajeruhiwa vitani. Baada ya vita alifundisha elimu ya nafsi katika Chuo Kikuu cha Berlin, akapata sifa hata nje ya nchi. Lakini damu aliyoimwaga kwa ajili ya Ujerumani haikumfaa kitu. Mwaka 1933, alipokuwa safarini akirudi kutoka Marekani kwa njia ya Japani na Urusi, alipata habari kwamba Hitler ameshika serikali. Mwaka ule ule akahamia Marekani. Mama yake alibaki Ulaya. Mwanawe alihangaika kumwokoa asiweze, naye akafia katika kambi za Wanazi.

Mtu aliyeona taifa zima likiufuata ukatili hawezi kuuchukulia uongozi kuwa jambo la mchezo. Katika Chuo Kikuu cha Iowa, yapata mwaka 1938, Lewin na wasaidizi wake, Ronald Lippitt na Ralph White, walikusanya vijana wa kiume wenye umri wa miaka kumi hivi, wakawagawa katika vikundi vya watu watano watano, wakawapa kazi za mikono. Kiongozi wa namna ya kwanza aliamuru kila kitu. Wa pili alishauriana nao. Wa tatu aliwaacha wafanye wapendavyo. Chini ya mwenye amri, vijana wengine walinyamaza kama waliokatwa ulimi, wengine wakawageukia wenzao kwa ugomvi. Naye akitoka chumbani, kazi ilizorota. Chini ya yule wa shauri, aliondoka nao wakaendelea. Na chini ya yule asiyejali, kazi iliyofanyika ilikuwa haba. Kumbe kuwaacha watu ovyo si kuwapa uhuru!

Ndipo ikaja Vita Kuu ya pili, na nyama ikawa adimu. Serikali ya Marekani ilitaka akina mama wapike moyo na figo za ng'ombe, vitu ambavyo wengi wao walividharau. Lewin alichukua vikundi sita vya wanawake. Vitatu vilipewa hotuba nzuri, yenye sababu zote za afya na za vita. Vitatu vingine viliketi vikazungumza shida zenyewe: harufu, uso wa mume mezani, namna ya kupika, kisha kila mmoja akaamua mbele ya wenzake. Baadaye wakaulizwa. Katika waliohutubiwa, ni 3 tu kwa kila mia waliokuwa wamepika vyakula hivyo. Katika walioshauriana, walikuwa 32. Maneno ya mgeni huingia sikioni. Lakini neno ambalo mtu amelitamka mwenyewe mbele ya wenziwe humfunga.

Jambo kubwa kuliko yote lilitokea karibu kwa bahati. Kiangazi cha mwaka 1946, tume ya jimbo la Connecticut iliyoshughulikia uhusiano wa watu wa rangi mbalimbali ilimwomba Lewin awafunde viongozi. Walimu na watumishi wa jamii walikusanyika katika mji wa New Britain. Kila jioni wataalamu waliketi peke yao kuyapima mambo ya mchana. Wanafunzi wachache wakaomba kusikiliza, Lewin akakubali. Mwanamke mmoja akasikia matendo yake yakielezwa, akakana, akasema hayakuwa hivyo. Mabishano yakazuka. Badala ya kuwafukuza, Lewin alifurahi, na jioni zilizofuata wanafunzi wengi wakaja. Nyani haoni kundule. Lakini hapa watu walipata wenzao wa kuwaonyesha, nao wakapata nafasi ya kujibu.

Lewin hakuyaona matunda. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo tarehe 11 Februari, 1947, akiwa na umri wa miaka 56. Kiangazi cha mwaka ule ule wenzake walifungua mafunzo katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine, mbali na ofisi na vyeo, ili mkubwa na mdogo waketi duara moja. Semina nyingi za leo, ambamo viongozi hujitenga kwa siku kadhaa wakajichungue pamoja, zimechipuka katika shina hilo.

Hatusemi kwamba njia hiyo haina hatari. Vijana wale wa Iowa walikuwa wachache, na katika miaka iliyofuata wako walioigeuza duara ya Bethel kuwa mahali pa kuumbuana, watu wakatoka na majeraha. Kusema kweli bila upendo ni ukatili wa namna nyingine.

Hata hivyo funzo limesimama. Kiongozi anayetaka kujua kama amefaulu asiyahesabu makofi. Na atoke chumbani, kisha asikilize kama kazi inaendelea. Jioni ikifika, na aketi na watu wake, awaulize wamemwonaje, naye anyamaze mpaka wamalize. Kwa wengi wetu, huko kunyamaza ndiko kugumu kuliko hotuba yo yote.