Mwalimu Mtoro bin Mwinyi Bakari: Heshima ya Mwalimu Ugenini

Katika kuadhimisha miaka mia moja ya usharika wetu, yatupasa kuwakumbuka pia walimu wa pwani waliowafundisha wageni Kiswahili. Ndicho kinachotukutanisha Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde wa Nachingwea na Ruangwa katika ibada moja. Mmoja wa walimu hao ni Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Alizaliwa karibu na Bagamoyo, mwishoni mwa miaka ya 1860, akalelewa katika Uislamu, akasoma chuoni, kisha naye akawafundisha watoto Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichofunguliwa mwaka 1887. Hapo walijifunza maofisa wa serikali, askari, wafanyabiashara na wamisionari waliojiandaa kuja Afrika. Mwaka 1903 Carl Velten alichapisha kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro. Humo ameeleza malezi ya watoto, masomo ya chuoni na adabu za kuamkiana, mambo ambayo hata leo wataalamu huyarejea.

Mtu huyu aliyeandika juu ya adabu alikosa kutendewa adabu darasani mwake. Kwa desturi aliyokulia, mwanafunzi humnyenyekea mwalimu wake, hata kama mwanafunzi ni mtoto wa jumbe na mwalimu ni maskini. Berlin mambo yalikuwa kinyume. Mtoro aliwekwa chini ya mwalimu Mjerumani, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwapo waliomdharau kwa sababu ya rangi yake. Walitaka matamshi yake, lakini hawakutaka kumpa heshima ya ualimu. Walikuwa wakijiandaa kuwatawala watu wa kwao, ikawa vigumu kwao kukaa miguuni pa mmoja wao. Mtoro hakukubali kudhalilishwa. Mwaka 1905 aliiacha kazi hiyo.

Aliamua kurudi nyumbani pamoja na mkewe, Bertha Hilske, Mjerumani aliyemwoa mwaka 1904. Lakini utawala wa koloni haukuwaruhusu kuingia na kuishi pamoja kama mume na mke. Ndio mwaka ambao vita vya Maji Maji viliwaka hadi huku kwetu kusini. Mtoro angeweza kumwacha mkewe akabaki kwao, hakufanya hivyo. Walirudi Ujerumani, ambako maisha hayakuwa mepesi. Kwa muda alifanya kazi Hamburg na Carl Meinhof, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa bingwa wa lugha za Kibantu. Tena alizunguka akitoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki. Alifariki Berlin mwaka 1927, mbali na Bagamoyo.

Ndugu washarika na wageni wetu wa Dayosisi, habari hii isitufanye tuwahukumu Wajerumani wa zamani na kujihesabia haki. Mimi mwenyewe, nikiwa mchungaji kijana, niliwahi kucheka darasani pamoja na wanafunzi wangu, bibi mmoja aliyejiandaa kwa ubatizo alipochanganya Kimwera na Kiswahili. Alinyamaza, na kwa majuma mawili hakurudi. Nilikwenda nyumbani kwake kuomba radhi, naye akanisamehe, akanifundisha maamkizi ya Kimwera ambayo nimeyatumia tangu siku hiyo hadi leo.

Lugha haichukuliwi kwa amri. Hupokewa kwa mkono wa mwenyewe, na anayepokea hunyenyekea. Roho Mtakatifu siku ya Pentekoste aliheshimu lugha ya kila taifa. Katika miaka mia nyingine tunayoianza, madarasa yetu ya Shule ya Jumapili na ya Kipaimara yawe mahali ambapo mwalimu hadharauliwi kwa asili yake, wala mwanafunzi hachekwi kwa ulimi wake. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumelipa sehemu ndogo ya deni letu kwa Mwalimu Mtoro.