Mtakatifu Yustino na Joto la Massawa

Watoto wa Mboko, ninyi mwajua kazi ya kuanika ndagala ufukoni. Siku moja jua ni kali, na ndagala hukauka upesi. Siku nyingine jua ni kali vilevile, lakini ndagala hubaki laini, na jasho halikauki mwilini. Sababu yake ni nini? Someni habari za mtu aliyevumilia joto la namna hiyo kwa ajili ya Injili.

Giustino de Jacobis, ambaye sisi twamwita Yustino, alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1800 katika kijiji cha San Fele, milimani kusini mwa Italia. Mwaka 1818 aliingia Shirika la Mtakatifu Visenti wa Paulo, na mwaka 1824 akapewa upadri. Mji wa Naples ulipopatwa na kipindupindu, yeye aliwahudumia wagonjwa bila kuogopa kifo. Mwaka 1839 alitumwa Uhabeshi, yaani nchi ambazo leo huitwa Ethiopia na Eritrea.

Mlango wa kuingilia nchi ile ulikuwa Massawa, mji wa kisiwani katika Bahari ya Sham. Yustino alifika huko mwezi wa Oktoba 1839. Bara yake ni nchi kame: mchanga, mawe, na miiba michache. Mvua hunyesha siku chache tu kwa mwaka. Mgeni akiitazama nchi ile hudhani kwamba hewa yake nayo ni kavu. Sivyo! Hewa ya Massawa imejaa maji yasiyoonekana.

Maji hayo yatoka wapi? Yatoka baharini. Bahari ya Sham ni nyembamba, na majangwa yameizunguka. Wakati wa kiangazi maji yake hupata joto la digrii 30 na zaidi. Maji yenye joto hutoa mvuke mwingi, na hewa yenye joto yaweza kubeba mvuke mwingi. Lakini mvuke haugeuki kuwa mvua mpaka upande juu na kupoa. Kwetu Mboko hewa ya ziwani hupanda milima ya Itombwe, ikapoa, ikafanya mawingu. Kule Massawa hewa kavu ya jangwa imetanda juu kama dari, nayo huzuia mvuke usipande. Basi mvuke hubaki chini pamoja na watu. Kwa hiyo mvua ni kitu kimoja, na unyevu wa hewa ni kitu kingine.

Joto la namna hiyo ni la hatari. Mungu ametupa jasho ili litupoze. Jasho likikauka, huchukua joto la mwili. Lakini hewa iliyojaa mvuke hailikaushi, na mwili hubaki na moto wake.

Yustino hakukaa pwani. Alipanda milimani, kwenye hewa ya baridi. Alivaa kama watawa wa nchi, akajifunza lugha zao, akasali kwa ibada yao. Mtawa mmoja mwenye elimu, Ghebre Michael, akawa mwanafunzi wake na baadaye padri. Januari 1849, kwa siri, Askofu Massaia alimpa Yustino uaskofu huko Massawa. Mwaka 1854 alifungwa gerezani Gondar. Ghebre Michael alifungwa pia, akafa katika minyororo mwaka 1855. Yustino alifukuzwa, lakini hakuwaacha Wakristu wake.

Mwezi wa Julai 1860 alikuwa pwani ya Massawa, amedhoofika kwa homa na joto. Alitamani kurudi Halai, juu milimani, zaidi ya mita 2,000, palipo na hewa ya kupoza mwili na Wakristu wa kuwafariji. Akaondoka na wanafunzi wake. Njia ilipita katika bonde la Aligade, lenye joto kali, na kupanda kulikuwa bado mbele. Hapo nguvu zikamwishia. Akaketi chini, akaegemea jiwe, akapokea Sakramenti za mwisho, akawaaga wanafunzi wake waliokuwa wakilia. Akafa tarehe 31 Julai 1860, mwenye umri wa miaka 59. Alizikwa Hebo, katika Eritrea. Papa Paulo VI alimtangaza Mtakatifu mwaka 1975.

Watoto, mkiona jasho halikauki, jueni kwamba hewa imejaa mvuke: pumzikeni kivulini, mnywe maji. Tena mkumbukeni Yustino, aliyelijua joto lile, na bado akarudi kwa watu wake.

Maswali
1. Mvuke wa hewa ya Massawa hutoka wapi?
2. Kwa nini mvuke huo haugeuki kuwa mvua?
3. Jasho hutupozaje?
4. Yustino alitaka kwenda wapi alipokufa, na kwa nini?