Andreas Vesalius: Kijana Aliyeisoma Mifupa kwa Mikono Yake

Mara hii naomba niwaletee maisha ya mtu mmoja ambaye wenzetu wanaosoma udaktari wanamjua vizuri, lakini sisi wengine tunapita tu bila kumsikia. Mimi mwenyewe nasoma uhandisi. Nilikutana naye nilipokuwa natafuta kuelewa mkono wa binadamu unageukaje, maana ukitaka kutengeneza mkono wa mashine lazima kwanza uujue ule aliouumba Mungu. Kila kitabu nilichofungua kilinirudisha kwa mtu huyu huyu, Andreas Vesalius.

Vesalius alizaliwa Brussels tarehe 31 Desemba 1514. Nyumba yao ilikuwa ya dawa tangu zamani. Babu yake na baba wa babu yake walikuwa madaktari, na baba yake alikuwa mtengeneza dawa wa Mfalme Mkuu Charles wa Tano, aliyetawala sehemu kubwa ya Ulaya. Kwa hiyo sio mtoto wa kimaskini aliyepambana kutoka chini. Vitabu alivikuta nyumbani. Alisoma Leuven, kisha mwaka 1533 akaenda Paris kusomea udaktari.

Hapa inabidi tusimame kidogo ili tuelewe udaktari wa wakati ule ulifundishwaje. Mwalimu mkuu alikuwa Galen, tabibu Mgiriki aliyezaliwa Pergamon, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, mwaka 129 hivi. Alifanya kazi Roma na kuandika vitabu vingi ajabu. Alikuwa mtu mwenye akili kweli kweli, hilo hakuna ubishi. Lakini mazingira yake hayakumruhusu kupasua maiti za watu, kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, na mengi aliyoyaona huko akayaandika kama ndiyo mwili wa binadamu. Zaidi ya miaka 1300 baadaye vyuo vilikuwa bado vinafundisha yale yale.

Na darasa lenyewe lilikuwa hivi: profesa anakaa kwenye kiti cha juu, anasoma kitabu. Chini yake kinyozi ndiye anayepasua maiti, na mtu mwingine ana fimbo, anaonyesha kile kinachosomwa. Profesa hashiki kitu, na kinyozi hajui Kilatini kinachosomwa. Kama kitabu kimesema kitu fulani kipo na kwenye maiti hakionekani, basi maiti ndiyo yenye kasoro! Usicheke. Jiulize mara ngapi umepata jibu kwenye maabara ambalo halilingani na kitabu, ukalirekebisha jibu kimya kimya ili lilingane.

Kijana Vesalius hakuridhika. Maiti zilikuwa chache, lakini mifupa ilikuwepo tele. Paris kulikuwa na makaburi ya zamani ambako mifupa ilifukuliwa na kurundikwa. Yeye na wenzake walikuwa wakienda huko na kukaa saa nyingi. Kuna wakati alikwenda kwenye mti wa kunyongea wa Montfaucon, nusura mbwa wakali wamrarue. Mwishowe walijua mifupa kiasi cha kuwekeana dau: mtu anafungwa kitambaa machoni, anapewa mfupa wowote, na kwa kuupapasa tu anautaja.

Vita kati ya Ufaransa na Mfalme Charles vilimfanya aondoke Paris mwaka 1536 bila kumaliza. Akarudi Leuven, na huko ndiko kulikotokea kisa chake maarufu. Siku moja alikuwa akitembea nje ya mji na rafiki yake Gemma Frisius, bingwa wa hesabu, yule yule aliyeeleza mwaka 1533 jinsi ya kupima nchi kwa pembetatu. Wakafika mahali waliponyongewa wahalifu. Mmoja alikuwa amebaki pale, ndege wamemla nyama yote, mifupa imeshikana kwa kano tu. Vesalius akapanda juu, Gemma akimsaidia. Miguu ikachomoka, mikono nayo ikaja pamoja na makombe ya mabega, ila vidole vya mkono mmoja havikuwepo, wala unyayo mmoja. Akaipeleka nyumbani kwa siri, kidogo kidogo. Kiwiliwili kilikuwa kimefungwa kwa mnyororo juu, kwa hiyo jioni nyingine aliacha lango la mji lifungwe yeye akiwa nje, akarudi peke yake usiku kukichukua. Mifupa aliichemsha, akaisafisha, akatafuta kwingine ile iliyopungua, akaiunganisha yote. Watu walipouliza alisema ameileta kutoka Paris.

Tukiwa wakweli, huo ni wizi. Na mtu yule aliyetundikwa pale alikuwa na mama yake. Nitalirudia jambo hili mbele.

Mwaka 1537 alichapisha maelezo yake juu ya kitabu cha al-Razi, tabibu mkubwa wa Uajemi aliyeandika kwa Kiarabu. Mwaka huo huo akaenda Padua, Italia, akapata shahada ya udaktari tarehe 5 Desemba, na kesho yake tu akapewa kazi ya kufundisha upasuaji na mwili wa binadamu. Alikuwa hajatimiza miaka 23. Jambo la kwanza alilofanya ni kushuka kwenye kile kiti. Kisu alishika mwenyewe, akapasua mwenyewe, akaeleza mwenyewe, na wanafunzi wakasogea karibu kuona. Mwaka 1538 alitoa michoro sita mikubwa ya kufundishia, na mwaka uliofuata hakimu wa Padua, Marcantonio Contarini, akaanza kumpatia maiti za watu walionyongwa. Sasa aliweza kulinganisha mwili huu na ule.

Hapo ndipo mashaka yalipozidi. Januari 1540 alialikwa Bologna kuonyesha upasuaji. Akasimamisha mbele ya wanafunzi mifupa ya binadamu na mifupa ya nyani, akawaonyesha kwamba maelezo ya Galen yanafuata ya nyani. Kumbe kosa halikuwa la kusoma vibaya. Galen alikuwa ameeleza vizuri sana, ila alieleza mnyama mwingine.

Kitabu chake kikubwa kilitoka Basel, Uswisi, mwaka 1543, kwa mchapishaji Johannes Oporinus. Jina lake la Kilatini maana yake ni ujenzi wa mwili wa binadamu, sehemu saba, picha zaidi ya 200. Picha zilichongwa kwenye mbao huko Italia, zikavushwa milima ya Alps kwa nyumbu. Mwandishi alikuwa na miaka 28. Na sehemu ya kwanza kabisa ni ya mifupa, kwa sababu kwake mifupa ni kama nguzo na boriti za nyumba: huwezi kueleza ukuta kabla hujaeleza kinachoubeba. Sisi wahandisi hapo tunaelewana naye mara moja.

Tuchukue mkono tu kama mfano. Ukianzia begani, kila upande una mifupa 32: mtulinga, kombe la bega, mfupa mmoja mrefu hadi kwenye kiwiko, miwili kutoka kiwiko hadi kifundo, minane midogo ya kifundo, mitano ya kiganja na 14 ya vidole. Mikono miwili ni mifupa 64, karibu theluthi ya mifupa 206 ya mtu mzima.

Galen alifundisha kwamba ule mrefu wa juu ndio mkubwa kuliko yote ukiondoa fupa la paja. Vesalius akasema hapana, mifupa miwili ya muundi ni mirefu zaidi. Jambo hili halikuhitaji fikra kubwa, lilihitaji kamba ya kupimia tu. Lakini kwa zaidi ya karne 13 waliokuwa wakirudia neno la Galen hawakutoa kamba.

Sasa weka mkono wako mezani, kiganja juu. Halafu kigeuze chini bila kusogeza kiwiko. Ule mfupa wa upande wa kidole gumba umezunguka na kupita juu ya mwenzake wa upande wa kidole cha mwisho, ambao umetulia. Ndivyo unavyofungua mlango kwa ufunguo, ndivyo unavyokoroga uji. Mmoja anashika kiwiko kama bawaba, mwingine anabeba kiganja na kuzunguka nacho. Fundi wa mashine akitaka kufanya hivyo kwa vyuma atatoka jasho. Vesalius aliichora mifupa hiyo pande zote, na ile minane ya kifundo akaipa namba, wa kwanza hadi wa nane. Majina yake yalianza kutolewa mwaka 1653 na Michael Lyser.

Tena katika picha yake mwenyewe iliyomo kitabuni, Vesalius amesimama na maiti, ameshika mkono uliopasuliwa, kano za vidole zinaonekana. Angeweza kuchagua moyo au ubongo, akachagua mkono, kiungo ambacho maprofesa wenzake walikuwa hawataki kukichafua.

Mapokezi yalikuwa makali. Mwalimu wake wa Paris, Jacobus Sylvius, alikasirika sana, na mwaka 1551 akamwandikia kitabu cha kumshambulia, akaligeuza jina lake lisikike kama mwendawazimu. Inasimuliwa kwamba Sylvius alipoambiwa mapaja ya watu hayajapinda kama Galen alivyosema, alijibu kuwa yamenyooshwa na suruali za kubana! Mtu msomi kabisa. Ndivyo mapenzi ya kitabu yanavyoweza kumfanya mtu.

Lakini tusimfanye Vesalius kuwa mtu wa kudharau wazee. Galen alimsoma kuliko wengi, kwa Kigiriki chake, na alishiriki kuhariri vitabu vyake vilivyotolewa Venice mwaka 1541. Na Galen mwenyewe aliwahimiza wanafunzi wasitegemee kitabu peke yake, waiangalie mifupa kwa macho, na mwenye uwezo asafiri hadi Alexandria, Misri, ambako walimu walifundisha kwa mifupa ya binadamu. Kwa hiyo aliyemtii Galen alikuwa Vesalius, sio Sylvius. Wala hakuwa wa kwanza. Abd al-Latif al-Baghdadi, baada ya njaa kubwa ya Misri ya miaka ya 1200 hadi 1202, alikagua mifupa ya waliokufa akaona taya la chini ni mfupa mmoja, wakati Galen alisema ni miwili. Naye aliheshimu Galen, ila aliamini macho yake.

Baada ya hapo Vesalius aliacha ualimu. Mwaka 1543 huo huo aliingia kazi ya utabibu kwa Mfalme Charles, na kwa hasira za kushambuliwa akachoma maandishi yake mengi, jambo alilolijutia. Mwaka 1544 alimwoa Anne van Hamme, wakapata binti mmoja. Alitibu wanajeshi vitani, akasahihisha kitabu chake na kukitoa tena mwaka 1555, kisha mwaka 1559 akahamia Hispania kumtumikia Mfalme Philip wa Pili. Kazi ilikuwa na heshima na mshahara mzuri, lakini uchunguzi ulidorora. Wenzangu mnaofikiria ofa za kazi, hapo kila mtu ajisomee mwenyewe.

Mwaka 1564 alikwenda kuhiji Jerusalem. Katika kurudi safari ya bahari ilikuwa mbaya, na Oktoba mwaka huo akafa kwenye kisiwa cha Zakynthos, Ugiriki, akiwa na miaka 49. Kaburi lake halijulikani lilipo. Zile mbao za picha zilidumu karne nne, zikaungua Munich mwaka 1944 katika mabomu ya vita.

Nilisema nitarudi kwa wenye mifupa. Mwaka 1543, akiwa Basel kusimamia uchapaji, Vesalius alipasua mwili wa Jakob Karrer, mhalifu aliyekatwa kichwa, akaiunganisha mifupa yake na kuiacha chuoni pale. Hadi leo ipo katika jumba la makumbusho la mji huo, na jina lake linajulikana. Hakuna aliyemuuliza Karrer kama anakubali, wala yule wa Leuven. Tunapofurahia elimu hii tukumbuke kwamba ililipiwa na watu waliokuwa hawana wa kuwasemea, na kila mmoja wetu anayefanya utafiti juu ya watu, hasa watu maskini wa kwetu, aulize kwanza.

Wahenga wa mjini wanasema akili za kuambiwa changanya na zako. Vesalius alichanganya: alisoma kila alichoambiwa, kisha akanawa mikono, akashika mfupa. Nawatakia mitihani mema.