Fumo Liyongo: Shujaa wa Ozi

Kabla ya kuisoma tamthilia ya Kithaka wa Mberia, Kifo Kisimani, mfahamu kwanza Fumo Liyongo, kwani kisa cha kisima kimetokana na chake. Ukiwa Garsen huendi mbali: ufuate Mto Tana hadi unapoingia baharini Kipini. Shaka, mji aliotawala, ulikuwa pande hizo, na kaburi lake husemekana liko Ozi.

Liyongo alikuwa pande la mtu, hodari wa upinde na malenga wa gungu. Sifa hizo zilimtia hofu mfalme wa Pate, akamfunga. Mamake akamtuma kijakazi Saada na mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi hawakuutaka, maana walizoea kujitwalia vyakula vizuri. Kisha Liyongo akaomba apigiwe gungu. Pembe na matoazi yalipovuma, alikereza minyororo, akatoroka.

Nguvu iliposhindwa, mfalme alimtumia mwanawe Liyongo, akamwahidi binti yake. Kijana akamwuliza babake ni nini kinachoweza kumwua. Liyongo alishuku, lakini alijibu: sindano ya shaba, kitovuni. Jiulize kwa nini alisema.

Wengi huandika kwamba alidungwa kisimani. La! Alidungwa usingizini. Aliamka, akatwaa upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na kuuvuta mshale, akakata roho vivyo hivyo. Siku kadhaa watu hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai, hadi mwili ulipoanguka. Mwanawe binti hakumpata.